Uingereza hawana "wengi wape": kura asilimia 34, viti 411. Tujadili

Kibuyu_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nilibishana na jamaa yangu kwenye treni. Yeye anashikilia kwamba Waingereza ndio waliotupa hizi kura na masanduku, kwa hiyo kwao hesabu haiwezi kuwa na walakini. Nikamwambia ngoja nifike nyumbani nikuandikie. Nilipoanza kuandika, ujumbe ukarefuka, nikaona bora niulete humu tuumalizane.

Sisi tumelelewa na "wengi wape". Sasa tazama uchaguzi wao wa Bunge wa tarehe 4 Julai 2024. Chama cha Labour walipata asilimia 33.7 ya kura zote. Mtu mmoja kati ya watatu, basi. Wakatoka na viti 411 kati ya 650, karibu theluthi mbili ya Bunge. Na waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 60 tu ya waliojiandikisha.

Kuna kitu kilinishangaza zaidi ya hicho. Mwaka 2017 Labour hao hao, chini ya Jeremy Corbyn, walipata kura milioni 12.9, asilimia 40. Viti? 262. Wakashindwa. Mwaka 2024 chini ya Keir Starmer wakapata kura milioni 9.7, wakaitwa washindi wa kishindo. Kura zimepungua kwa milioni 3, viti vimeongezeka 149. Huyo jamaa yangu nikamuuliza: hapa nani aliyepewa, wengi au wachache? Akabadilisha mada, akaanza kuongelea mpira.

Siri yake ni kwamba kule, kama kwetu kwenye ubunge, kila jimbo ni mbio zake. Anayetangulia hata kwa kura moja anachukua kiti, wengine wote kura zao zinaishia pale. Kwa hiyo swali la kwanza ni kura zako zimeangukia wapi. Ni ngapi, hilo linafuata nyuma. Corbyn alikuwa anazirundika mijini, kwenye majimbo ambayo angeshinda hata akilala. Starmer alizipata nyembamba nyembamba nchi nzima, na upande wa pili wapinzani wake wakagawana.

Mfano wa karibu: jimbo la South West Norfolk, kwa Liz Truss aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Mgombea wa Labour alishinda kwa asilimia 26.7. Yaani watu karibu watatu kati ya wanne wa jimbo lile walichagua mtu mwingine. Truss alikosa kiti kwa kura 630, huku chama cha Reform UK wakiwa wamekomba zaidi ya asilimia 22, na mgombea binafsi mmoja naye akajichukulia asilimia 14. Wazee wa kijiji wangekaa chini ya mwembe na hesabu ile wangesema hapa hakuna aliyeshinda, rudieni.

Nimesoma kidogo kazi za wanazuoni wao kuhusu haya mambo, na niliwahi kuwafanyia kazi ya udodosaji, nitaeleza huko mbele. Kwanza nataka kusikia: hili ni tatizo au ndiyo utaratibu?

Chekibobu

Nawahi siti ya mbele. Leteni kahawa.

Mwalimu_Mstaafu

Kibuyu, umeandika vizuri ila unawaonea. Timu mbili zikicheza, moja ikamiliki mpira dakika 70 ikafungwa goli moja, utasema refa ameiba? Sheria zilijulikana kabla ya filimbi.

Mimi nimeishi huko miaka ya nyuma. Mbunge wangu alikuwa anakaa maktaba ya mtaa Ijumaa, unaingia na shida yako. Niliingia na barua za viza ya mke wangu zilizokuwa zimekwama miezi. Alisikiliza, akaandika barua, ndani ya wiki chache nikajibiwa. Ukileta mfumo wa uwiano, yaani viti vigawanywe kwa asilimia ya kura na majina yatoke kwenye orodha za vyama, huyo mtu wa Ijumaa utampata wapi? Utabaki na majina kumi na tano yaliyopangwa na katibu wa chama.

Na jingine: mfumo huu unatoa serikali inayoeleweka. Ukikasirika, unaitoa yote. Walivyowafanya Conservative 2024, kutoka madarakani hadi viti 121. Kwenye mfumo wa uwiano ungekuta wamerudi kwa mlango wa muungano.

Omosh_254

Mwalimu umenena, lakini hiyo ya mpira haiingii. Goli linahesabiwa moja popote linapofungwa. Huko kwao goli la mji huu ni moja, la mji ule ni nusu, la mji mwingine ni hewa. Reform walipata kura milioni 4.1, wakapewa viti 5. Gawanya mwenyewe: kila kiti kiliwagharimu zaidi ya kura 820,000. Labour kila kiti kama 24,000. Siwapendi hao Reform hata kidogo, lakini hesabu ni hesabu.

Kisha angalia Liberal Democrats. 2019 asilimia 11.6, viti 11. 2024 asilimia 12.2, viti 72. Asilimia imeongezeka kiduchu, viti mara sita na nusu. Walichofanya ni kuacha kupoteza muda kwenye majimbo yasiyo yao.

Sisi Kenya rais lazima apite nusu ya kura na apate robo katika zaidi ya nusu ya kaunti. Wabunge wetu ndio bado tuko na ile ya Waingereza.

Kibuyu_Mkavu

Mwalimu, hoja ya mbunge wa Ijumaa naiheshimu, nitairudia. Ile ya "serikali inayoeleweka" ndiyo imepasuka.

Mwaka 1951 vyama viwili vikubwa kwa pamoja vilikuwa na karibu asilimia 97 ya kura. Hapo mfumo wa anayetangulia unakaa vizuri, kama kiatu cha saizi yako. (Ingawa hata mwaka huo Labour ya Attlee ilipata kura nyingi kuliko Conservative ya Churchill, na Churchill ndiye akaunda serikali. Februari 1974 ikageuka: Conservative kura nyingi, Labour viti vingi.) Mwaka 2024 vyama hivyo viwili kwa pamoja vimepata asilimia 57 na ushei. Mguu umekua, kiatu kile kile.

Haya tunayajua kwa ushahidi kwa sababu kuna utafiti unaitwa British Election Study. Walianza David Butler na Donald Stokes mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu uchaguzi wa 1964 hawajaruka hata mmoja. Wanawauliza watu, wanawarudia, wanawauliza tena. Enzi za Butler ukijua baba wa mtu anafanya kazi gani ulikuwa unajua chama chake kwa kiasi kikubwa. Mfanyakazi wa mgodi Labour, meneja wa benki Conservative, na mtoto anarithi kama anavyorithi timu. Katikati ya miaka ya 1960 aliyebadili chama kati ya uchaguzi mmoja na unaofuata alikuwa kama mmoja kwa wanane. Kati ya 2010 na 2015 ikafika asilimia 43.

Sasa hivi ukitaka kubahatisha kura ya mtu, muulize umri na amesoma hadi wapi. Kazi ya baba iache. Na tangu kura ya maoni ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, 51.9 kwa 48.1, watafiti kina Sara Hobolt wa chuo cha LSE cha London na James Tilley wa Oxford walionyesha watu wanajitambulisha kwa upande waliochukua siku ile, na wanaushikilia kwa nguvu kuliko hata chama chao.

Mchungulia_Dirisha

Naomba niulize kijinga. Hao watafiti wanajuaje? Mbona 2015 tafiti zao za kabla ya uchaguzi zilisema ngoma droo, kesho yake Cameron akaamka na viti vya kutosha peke yake?

Kibuyu_Mkavu

Si swali la kijinga, ndilo lililonipa ajira.

Baada ya aibu ya 2015 iliundwa kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Patrick Sturgis, wakati huo yuko Southampton. Kila mtu alidhani watu walidanganya, kwamba waliona haya kusema wanawapenda Conservative. Kamati ikakuta kwamba kosa kubwa lilikuwa sampuli. Kampuni zilikuwa zinawapata kirahisi watu wanaopenda siasa, wenye muda wa kujibu, na hao walielemea Labour. Tafiti mbili zilizofanywa kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, ile ya British Election Study na ile ya British Social Attitudes, zote zilionyesha Conservative wako mbele waziwazi.

Sasa hodi yenyewe ndiyo hii. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya udodosaji kwenye kampuni moja. Unapewa karatasi ya anwani zilizochaguliwa na kompyuta. Namba 14, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Ukibisha hakuna mtu, unaandika saa, unaondoka. Unarudi jioni. Unarudi Jumamosi. Namba 16 pale pembeni mama amesimama mlangoni anakutazama, yuko tayari kukupa chai na maoni yake yote kuhusu serikali, na wewe huruhusiwi kumdodosa! Nilimuuliza msimamizi kwa nini. Akaniambia, huyo mama ndiye aliyewadanganya wote mwaka 2015, na hakusema uongo hata kidogo. Yupo tu nyumbani, anapenda kuongea. Wa namba 14 anafanya zamu mbili, siasa haimhusu, na anaweza kupiga kura kuliko unavyodhani au asipige kabisa.

Wa namba 14 nilimpata mara ya sita. Alikuwa fundi bomba, mikono bado ina grisi. Dakika 40 amejibu akiwa amesimama.

Bint_Malindi

Assalaam alaykum. Kibuyu umenichekesha na mama wa namba 16, huyo ni jirani yangu kabisa.

Mimi niko Glasgow mwaka wa kumi na moja. Mnaongea kama Uingereza nzima inapiga kura namna moja. Si kweli. Mwalimu anaogopa mfumo wa uwiano kama kitu cha kuja, huku kwetu upo tangu 1999.

Bunge la Uskoti lina viti 129. Unapewa karatasi mbili. Ya kwanza unamchagua mbunge wa jimbo, wale 73, mtindo ule ule wa anayetangulia. Ya pili unachagua chama katika kanda yako. Kanda nane, kila moja viti saba, jumla 56. Hivyo vya pili ni vya kufidia aliyepunjwa.

Nimewahi kumwelezea mume wangu mezani kwa maharage, nikae niwaeleze na nyie. Chukulia (namba za kufikirika hizi) chama A kina kura 100,000 kwenye kanda na tayari kimeshinda majimbo saba. Chama B kina kura 40,000, jimbo hakijapata hata moja. Kila chama kura zake zinagawanywa kwa viti ilivyo navyo ukijumlisha moja. A: 100,000 kwa 8, unapata 12,500. B: 40,000 kwa 1, inabaki 40,000. Kiti cha kwanza B. Sasa B ana kimoja, gawa kwa 2, 20,000. Bado amemzidi A, chukua cha pili. Gawa kwa 3, 13,333. Cha tatu pia. Gawa kwa 4, 10,000, hapo A naye anapata zamu. Maharage yakaisha, mume wangu akasema sawa nimeelewa, ila nadhani alitaka tu kulala.

Kwa hiyo mbunge wa Ijumaa yupo, Mwalimu, na aliyepunjwa naye anafutwa machozi. Ireland ya Kaskazini wao wanapanga wagombea 1, 2, 3 kwa namba, kila jimbo linatoa wabunge watano. Wales nao kuanzia uchaguzi wa 2026 wameingia kwenye orodha za vyama, wabunge 96, majimbo 16 ya watu sita sita. Hiyo ya Wales siipendi, orodha imefungwa, huwezi kumruka usiyemtaka. Hapo Mwalimu namuunga mkono.

Mwalimu_Mstaafu

Bint Malindi, ahsante kwa maharage. Lakini sema yote. Mwaka 2007 huko huko Uskoti walichanganya kura za Bunge na za mabaraza siku moja, karatasi za mitindo miwili, zikaharibika zaidi ya 140,000. Na mfumo wenu uliosemwa hauwezi kumpa mtu wingi, chama cha SNP cha huko Uskoti 2011 wakapata viti 69 peke yao.

Bint_Malindi

Kweli kabisa, 2007 ilikuwa fedheha. Kura zote mbili za Bunge ziliwekwa kwenye karatasi moja, safu mbili, na watu wengi wakadhani ni orodha moja. Hilo ni kosa la aliyechora karatasi. Baada ya hapo wakazitenganisha karatasi, na uchaguzi wa mabaraza ukahamishiwa mwaka mwingine. 2011 nayo SNP walipendwa kwelikweli, ukipendwa hivyo utashinda kwa mfumo wowote.

Chekibobu

Kwa hiyo Bunge la Uskoti hesabu mpya, meya wa London alikuwa na hesabu yake wakaifuta, Belfast hesabu nyingine, halafu bunge kubwa la London lenyewe linatumia ya babu. Hawa watu wanajifanyia majaribio kwa watoto wa kambo.

Omosh_254

@Chekibobu 😂😂 umemaliza.

Swali langu kwa Kibuyu: kama wanajua yote haya, mbona hawabadilishi? Si walipiga kura ya maoni 2011 wakakataa?

Kibuyu_Mkavu

Walipiga, Mei 5, 2011. Asilimia 67.9 wakasema hapana, na waliojitokeza ni 42 kwa mia. Lakini waliulizwa nini? Waliulizwa kama wanataka kupanga wagombea kwa namba huku kila jimbo likibaki na mbunge mmoja. Hiyo haileti uwiano. Tume ya Jenkins, ya kuangalia mfumo wa uchaguzi, mwaka 1998 ilipendekeza namba pamoja na viti vya nyongeza vya kufidia, ripoti ikawekwa kabatini. Kilicholetwa 2011 kilikuwa nusu mkate, hata waliokileta hawakukipenda. Na upande wa hapana ulibandika mabango yenye picha ya kichanga hospitalini na askari, kwamba mfumo mpya utagharimu pauni milioni 250, pesa ambayo ingewafaa hao. Nani atapigia kura hesabu dhidi ya kichanga?

Sababu ya ndani ni nyepesi kuliko hiyo. Wenye uwezo wa kuubadilisha mfumo ni wale ambao mfumo umewapa viti. Mkutano mkuu wa Labour Septemba 2022 ulipitisha azimio la kutaka uwiano. Uongozi ukalipita kama hakuna aliyesema. Desemba 2024 muswada wa mbunge mmoja wa Liberal Democrats wa kuleta uwiano ulipita hatua ya kwanza kwa kura 138 dhidi ya 136, watu wakashangilia, ukaishia hapo. Trudeau wa Kanada aliahidi 2015 kwamba huo ndio uchaguzi wa mwisho wa mtindo wa zamani. Alipokwisha kushinda kwa mtindo wa zamani, 2017 akaghairi.

Mwalimu_Mstaafu

Na New Zealand? Walibadilisha 1993. Usichague mifano.

Kibuyu_Mkavu

Umenibana, Mwalimu. New Zealand walibadilisha, na hadithi yao ni tamu. Labour ya kule ilipata kura nyingi kuliko wapinzani mwaka 1978 na tena 1981, zote ikakosa serikali. Chama kikubwa kilipoumizwa mara mbili mfululizo ndipo kikaunda tume, tume ikapendekeza uwiano, na wananchi mwishowe wakaupitisha kwa asilimia 53.9. Ireland nako ni kinyume chake: chama kilichokuwa kinashinda kilitaka kuwapeleka wananchi kwenye mtindo wa Uingereza, 1959 na 1968, mara zote mbili wananchi wakakataa.

Kwa hiyo nadhani Uingereza haitabadilika kwa sababu ya watafiti. Itabadilika siku chama kikubwa kitakapoamka asubuhi kimepata kura nyingi na viti vichache, mara mbili. Kwa vyama vitano kugombania jimbo moja, siku hiyo haiko mbali kama zamani. Jimbo la Hendon 2024 lilipatikana kwa kura 15.

Mchungulia_Dirisha

Kura 15! Hiyo ni familia moja ya Kigoma ikiamka mapema.

Kibuyu, wewe mwenyewe ulipiga? Au unachambua tu?

Kibuyu_Mkavu

Nilipiga. Wengi humu hawajui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura hata ya Bunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda. Nilikwenda ukumbi wa kanisa na pasi yangu ya Tanzania, maana tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasi ya Madola inakubalika. Dada wa mezani akaifungua, akanitazama, akachora mstari kwenye jina langu kwa rula. Penseli imefungwa kwa kamba kibandani. Dakika mbili nimemaliza.

Mbele yangu alikuwepo kijana mwenye kadi ya chuo. Wakamrudisha. Nyuma yangu mzee akatoa kadi ya basi ya wazee, akapita. Tume ya Uchaguzi ilihesabu kwamba waliorudishwa 2024 na wasirudi tena walikuwa 0.08 kwa mia ya waliofika vituoni. Kidogo, utasema. Ila kule mezani anahesabiwa aliyefika. Aliyekumbuka njiani kwamba hana kitambulisho akageuza, huyo ni wa namba 14, hakuna anayemhesabu.

Lubumbashi_Cardiff

Jambo bandugu. Nasoma tu tangu mwanzo. Mimi ni Mkongomani, niko Cardiff na karatasi zote za kukaa. Congo si Madola. Kwa hiyo mimi ni wa kutazama tu?

Bint_Malindi

Kaka, Bunge la London huruhusiwi, hapo ni kweli. Lakini Wales na Uskoti walibadilisha sheria kuanzia 2020. Ukiwa unaishi huko kihalali, uraia wowote, unapiga kura ya Bunge la Wales na ya mabaraza. Jirani yangu hapa Glasgow ni Mrundi, anapiga ya Uskoti kila mara, ya London anabaki kuangalia kwenye televisheni. Jiandikishe mtandaoni, ni bure.

Lubumbashi_Cardiff

Kweli dada? Ngoja nijaribu sasa hivi.

Chekibobu

Tunasubiri mrejesho.

Lubumbashi_Cardiff

Imekwisha. Wameuliza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia na ile namba ya bima ya taifa. Nilikuwa nimeificha kwenye kabati, bibi yangu ndiye aliipata. Sasa na yeye anataka kujiandikisha, ngoja nimpe simu.